Moto wa umeme nyumbani: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Nafanya wayaringi na matengenezo ya umeme wa majumbani hapa Dar, na maswali yanayonifikia ni yale yale yanazunguka, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja ili mtu akiuliza namtumia hii. Nimeandika kwa mazingira yetu, yaani volti 230, soketi za pini 3 za mraba, LUKU (mita ya kulipia umeme kabla), nyumba za kupanga, madirisha yenye grili. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda soketi zenu ni hizo hizo. Aliyeko Burundi au Kongo pini zake ni za mviringo ila mambo ya joto na waya hayabadiliki.

Kila nyumba ikiungua tunaambiwa "ni shoti ya umeme". Hiyo shoti ndo nini hasa?

Shoti ni pale waya wa fezi (unaoleta umeme) unapokutana na nutro (unaourudisha) au arthi (unaokwenda ardhini) moja kwa moja bila kupitia kwenye kifaa chochote, mkondo unapanda ghafla hadi mamia ya ampea. Sasa kama breka yako, ile swichi ya kwenye boksi inayojikata yenyewe, ni nzima inakata hapo hapo, hata hujamaliza kushtuka. Ndo maana mimi nikisikia "shoti imeunguza nyumba" huwa nauliza, na kabla ya hiyo shoti palikuwa na nini? Maana mara nyingi kilichoanza ni joto. Skrubu imelegea ndani ya soketi, au waya mwembamba umebebeshwa mzigo sio wake, inapata moto jioni inapoa usiku, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Plastiki ya waya wa kawaida wa nyumbani imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, ukiizidishia kila siku inakauka, inakakamaa, inapasuka, mwisho shaba inabaki uchi na ndo fezi na nutro zinakutana. Shoti inakuja mwishoni kabisa. Huko nyuma kote nyumba ilikuwa inatoa dalili ila wenyewe walishazizoea.

Dalili zenyewe ni zipi?

Anza na pua. Harufu ya plastiki kuungua kila mtu anaijua, ila kuna nyingine kama ya samaki, haieleweki inatoka wapi, inakuja na kuondoka. Hii watu wanaipuuza sana, hasa huku pwani ambako jirani anakaanga changu kila jioni, lakini kuna plastiki za soketi na swichi ambazo zikipata joto kali zinatoa harufu hiyo hiyo. Ukiona hamna aliyepika samaki na harufu inazidi pasi ikiwa imewashwa, zunguka unuse soketi moja moja. Usione aibu, mafundi wenyewe tunanusa.

Afu mkono. Ukimaliza kuchemsha maji na birika la umeme weka mgongo wa mkono kwenye uso wa soketi na kwenye plagi. Uvuguvugu kidogo kwa birika au pasi sio kesi. Ikiwa ya moto mpaka unautoa mkono, hiyo soketi au hiyo plagi imekwisha. Na swichi ya taa au soketi ya chaja ya simu haitakiwi kuwa hata ya vuguvugu.

Macho na masikio nayo: rangi ya kahawia au weusi kuzunguka tundu, plagi inayocheza cheza au inayotoka yenyewe, mlio wa zzz ukutani, taa za chumba kimoja zinapepesa wakati vyumba vingine ziko sawa, breka inayoshuka bila sababu ya kueleweka, friji inayokupiga ukiigusa ukiwa peku. Hiyo ya friji ni tatizo la arthi na umeme unaovuja, watu wanaicheka, wanawekea kandambili mbele ya friji maisha yanaendelea. Sio ya kuchekea.

Nikichomeka chaja naona kacheche, nayo ni hatari?

Kacheche kadogo ka bluu mara moja tu wakati wa kuchomeka chaja ya laptopu au TV swichi ikiwa imewashwa ni kawaida. Zima swichi ya soketi kwanza ndo uchomeke, hutakaona tena. Cheche kubwa, za njano, zinazorudia rudia, zenye harufu au mlio, hapo acha kuitumia.

Soketi ya jikoni imekuwa ya kahawia upande mmoja ila bado inafanya kazi vizuri tu. Niiache?

Usiiache. Ngoja nikueleze ninachokikuta nikifungua soketi za namna hiyo, maana zinafanana karibu zote. Kwa mbele unaona kivuli tu cha kahawia pembeni ya tundu la fezi. Ukifungua skrubu mbili ukaivuta nje, kwa nyuma plastiki imekuwa nyeusi na inamong'onyoka ukiibonyeza kwa kidole, skrubu iliyobana waya wa fezi ukiigusa na bisibisi inazunguka bila ubishi, na waya wenyewe sentimita 3 au 4 za mwisho ganda limekakamaa kama makaroni mabichi, ukiukunja linavunjika. Shaba yake haing'ai, imekuwa nyeusi. Nutro ya pembeni yake iko safi kama siku ilivyowekwa.

Kilichotokea ni hesabu tu. Birika linavuta ampea 9. Skrubu ikilegea pale panakuwa na ukinzani, tuseme nusu omu, basi panazalisha joto la wati 40 mahali padogo kuliko ukucha. Wati 40 ni chuma kizima cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, na wewe umekifungia ndani ya boksi la plastiki ukutani. Joto linazidi kuilegeza skrubu na kuitia kutu shaba, ukinzani unapanda, joto linapanda tena. Haiponi yenyewe.

Kubadilisha soketi ni kazi ndogo ila meni (swichi kuu ya nyumba nzima) izimwe, na waya ukatwe kurudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa na ganda laini. Fundi anayefunga soketi mpya kwenye waya ule ule mweusi amekufanyia usanii.

Mbona breka haikukata? Si ndo kazi yake?

Breka inaangalia kiasi cha mkondo basi. Soketi iliyolegea inayounguza ukuta kwa ampea 9 haiivuki breka ya 20 wala ya 32, kwa breka kila kitu ni shwari. Na ile nyingine yenye kitufe cha T, RCD, yenyewe inaangalia umeme unaovuja kwenda ardhini au kupitia mwilini mwa mtu, za nyumbani nyingi zinakata kwenye miliampea 30. Ni nzuri mno na kila nyumba inatakiwa iwe nayo, bonyeza kitufe chake kila baada ya miezi michache, kama haishuki badilisha, lakini hata yenyewe skrubu iliyolegea haiioni. Kwa hiyo usilale usingizi wa pono eti kwa vile una breka mpya. Pua yako na mkono wako vinaona vitu ambavyo breka haivioni.

Ekstensheni moja inabeba vitu vingapi?

Usihesabu matundu, hesabu wati. Plagi yetu mwisho wake ni ampea 13, ukizidisha kwa volti 230 unapata karibu wati 3,000. Hiyo ni ya ekstensheni ya maana, hizi za bei chee nyingi zimeandikwa ampea 10 kwa chini, na ndani waya wake nimeshaukuta mwembamba kuliko hata wa taa.

Sasa chukua jikoni Jumapili asubuhi: birika wati 2,000, jiko la plate mbili wati 2,000, mtu kaja na pasi ya wati 1,200 anataka kanisani. Jumla 5,200, gawa kwa 230, karibu ampea 23 kwenye waya wa 13. Unadhani fyuzi ya plagi itakatika hapo hapo? Fyuzi ya 13 inaweza kubeba 20 kwa muda mrefu tu huku inachemka, na breka ya soketi ya 32 haina habari. Anayeteseka ni waya wa ekstensheni, hasa ukiwa umepita chini ya kapeti au umebanwa na mguu wa kochi.

TV, king'amuzi, redio, chaja za simu, hata zikiwa sita kwenye ekstensheni moja mzigo wake ni mdogo. Vitu vinavyotoa joto ndo vya kuogopa: pasi, birika, jiko, hita ya maji, oveni, draya ya nywele. Kimoja kwa wakati mmoja na kikichomekwa ukutani moja kwa moja ndo vizuri zaidi. Shawa ya maji moto yenyewe isiguse soketi kabisa, nyingi zinavuta wati 3,500 mpaka 5,500, inataka waya wake kutoka kwenye breka yake.

Ekstensheni kuchomeka kwenye ekstensheni, hapana. Na ile ya kuzungushia kwenye gurudumu, ukiitumia kwa mzigo mkubwa ikunjue yote, ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea na waya unayeyuka ndani kwa ndani wakati nje unaona poa.

Plagi ya pini 2 haiingii, nachokonoa tundu la juu na peni ndo inaingia. Tatizo liko wapi?

Hii nchi nzima tunafanya, najua. Soketi zetu zina vipazia vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini ili mtoto asiingize msumari, na kinachovifungua ni ile pini ndefu ya arthi. Ukichokonoa na peni au njiti ya kiberiti unavilazimisha vifunguke, afu unasukumiza pini nyembamba za mviringo kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa pini pana za bapa. Zinagusa kwa ncha tu. Kwa chaja ya simu utaishia kuona inacheza cheza, kwa pasi au hita umetengeneza ile skrubu iliyolegea niliyoieleza hapo juu, tena umeitengeneza mwenyewe. Juu ya hapo zile bati za shaba za ndani zinapanuka, kesho ukirudisha plagi ya kawaida nayo haibanwi.

Nunua plagi top ya pini 3 yenye fyuzi fundi akufungie, au adapta ya maana inayobana. Zile adapta za matundu ya kila sura, zinazokubali plagi ya dunia nzima, hazibani plagi ya nchi yoyote.

Umeme umekatika katikati ya kupiga pasi nikaondoka zangu. Kuna shida?

Kuna shida kubwa na hii naiweka kwenye tatu bora za kuunguza nyumba za watu makini. Umeme unakatika, mtu anaiacha pasi imelala kifudifudi juu ya nguo, anakwenda dukani au kazini. Saa tisa umeme unarudi, nyumba haina mtu. Au jiko la umeme lina sufuria, au hita ya kuchovya ya maji iko kwenye ndoo ya plastiki na maji yameshapungua. Umeme ukikatika tu, kabla hujatafuta hata tochi, chomoa vitu vya joto vyote. Sio kuzima swichi ya kifaa, chomoa. Acha taa moja imewashwa ikujulishe umerudi.

Na ukirudi huwa unaweza kuja na volti za juu au za kuruka ruka, kwa hiyo friji na TV vipe dakika kadhaa kwanza.

Nina frijigadi na stabilaiza, si zinanilinda na moto?

Zinalinda kifaa dhidi ya volti mbovu. Waya wa ukutani, skrubu, ekstensheni iliyozidiwa, hazihusiki navyo. Tena stabilaiza yenyewe ukiifunika na kitambaa cha kufuma ili sebule ipendeze umeinyima hewa.

Breka inashuka kila nikiwasha jiko na birika pamoja. Fundi kasema tuweke kubwa zaidi.

Mwambie asante, tafuta mwingine. Breka inachaguliwa kufuata waya. Kwa kawaida taa zinavutwa na waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya 10 au chini ya hapo, soketi waya wa 2.5, jiko kubwa na shawa waya wa 4 au 6 kutegemea mzigo. Ukiweka breka ya 40 kwenye waya wa 2.5 umehamisha udhaifu kutoka kwenye breka, ambako unaonekana, ukaupeleka ukutani ambako hauonekani. Jibu sahihi ni kuvuta laini mpya ya jiko, au kutumia kimoja kimoja.

Na wale mnaofunga waya au karatasi ya sigara ya kung'aa kwenye fyuzi iliyokatika, huo sio utundu.

Nitajuaje waya dukani ni orijino?

Muombe akukatie kipande kifupi, kwangua shaba kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukakuta weupe kama wa sufuria, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inavunjika upesi ikikunjwa na inalegea kwenye skrubu. Angalia pia maandishi kwenye ganda, saizi, volti, jina la kiwanda na alama ya TBS (shirika la viwango), na upime roli kwa kuinyanyua, feki ni nyepesi. Pakiti nzuri peke yake sio ushahidi.

Nimepanga, LUKU moja vyumba sita, na baba mwenye nyumba kavuta waya mpaka kwenye kibanda cha chipsi nje. Nifanye nini?

Hapa ndo penye moto wa baadaye kwa kweli. Waya wa taa umetundikwa kwenye mti, maungio yamefungwa kwa mfuko wa nailoni, mwisho wake kuna friji la soda na jiko. Mara nyingi kazi hizi wanafanya vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, na kuna wanaodiriki hata kuunganisha kabla ya mita. Hiyo ya kabla ya mita ni mbaya kuliko wizi wenyewe, maana laini ile haipiti kwenye breka yako yoyote, ikipata hitilafu hamna cha kuikata isipokuwa fyuzi ya nguzoni.

Anza na mazungumzo. Sio wote wataweza kumwambia mzee "nyumba yako mbovu", kwa hiyo nenda na picha. "Baba shikamoo, naomba uione hii soketi ilivyoungua, naogopa isije ikaunguza nyumba yako" inafika mbali kuliko kelele, maana nyumba ni yake na hasara ni yake. Muombe alete fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) akague. Chumbani kwako mwenyewe punguza mzigo, usipike na jiko la umeme kwenye soketi ambayo huijui inatokea wapi. Ukiona cheche kwenye mita au nguzo usiguse kitu, piga TANESCO.

Taa zimewaka kwa ukali ghafla, nyingine zimefifia, na feni imeanza kupiga kelele. Ni nini?

Kimbia kwenye meni swichi uizime. Hiyo inaweza kuwa nutro imelegea au imekatika, na kwenye laini ya fezi tatu nutro ikiondoka vifaa vyako vinaweza kupata volti mpaka karibu 400 badala ya 230. Chaja, TV na taa zinapasuka na kuwaka. Usirudishe mpaka TANESCO au fundi apime. Tofauti na hapo, taa kufifia kidogo sekunde moja friji inapoanza kuunguruma ni kawaida.

Kuchaji simu kitandani usiku kunaunguza kweli?

Simu na chaja vinapumua kupitia ganda lake, ukivifunika na mto na shuka joto linajikusanya. Chaja ya buku tatu haina ulinzi wa maana ndani. Chaji juu ya meza au sakafuni, na betri iliyovimba, ya simu, ya powabenki au ya bodaboda ya umeme, usiitoboe na usiichaji tena, itoe nje ya nyumba. Pikipiki ya umeme usiichaji koridoni ambako ndo njia yenu pekee ya kutokea. Betri za lithiamu zikishika zinawaka kwa kasi na moshi wake ni sumu, hazitoi nafasi ya kwenda kuvaa viatu.

Panya wa darini nao?

Wanatafuna ganda la waya ndio. Dari la jipsam linaficha kila kitu. Nyaya za darini zipite kwenye paipu, na maungio yawe ndani ya boksi lenye mfuniko, sio kusokotwa na kufungwa tepu tu.

Moto umeanza. Nifanye nini kwanza?

Piga kelele watu watoke, hapo hapo ukate umeme. Kama kinachoungua ni kifaa na swichi yake ya ukutani haijashika moto, zima hiyo. La sivyo zima meni, ila kama tu huvuki moshi kuifikia. Wenye sola na inveta sikieni: kuzima meni ya TANESCO hakuzimi inveta yako, waya wa nyumba bado una umeme, zima na yenyewe.

Moto ukiwa mdogo, tuseme ni plagi au kitako cha TV, umeme umeshakatwa, mlango uko mgongoni kwako na una kitu cha kuzimia, jaribu. Ukifika usawa wa kichwa chako, au moshi umeanza kushuka, au moto uko darini, usijaribu. Toka, na milango uifunge nyuma yako bila kufunga na funguo, mlango uliofungwa unauchelewesha moto mno. Kwenye moshi tambaa, hewa ya kupumua iko chini. Usirudi kuchukua simu wala cheti.

Kama unasikia na harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima. Funga mtungi kama unafikika, fungua madirisha, tokeni nje.

Naweza kumwagia maji?

Sio wakati umeme upo, maji yatakurudishia umeme mwenyewe. Ukishaukata kabisa na una uhakika, kinachobaki ni moto wa mbao na nguo kama mwingine, ila majumbani uhakika huo ni wa nadra, kwa hiyo tumia mchanga mkavu, blanketi la moto au mtungi wa kuzimia moto.

Ninunue mtungi gani wa kuzimia moto?

Wa poda kavu au wa kaboni daioksaidi, yote inafaa kwa umeme. Poda inachafua na kuharibu vifaa ila inazima vitu vingi, kwa nyumba ya kawaida mimi nashauri huo. Wa kaboni daioksaidi ni msafi, ila usishike honi yake, ina baridi ya kuunguza, na usijifungie nao kachumba kadogo. Wa poda una geji, mshale uwe kwenye kijani. Wa kaboni hauna geji, unapimwa kwa uzito. Chomoa pini, elekeza chini kwenye shina la moto sio kwenye miali, bonyeza, fagia kulia na kushoto. Mtungi wa kilo 2 unaisha ndani ya sekunde 10 hivi, hauna muda wa kusoma maelekezo. Uweke karibu na mlango wa kutokea, usiuweke nyuma ya jiko.

Alamu ya moshi pia nunua, ya betri inatosha, funga kwenye dari ya korido ya vyumba vya kulala. Moto wa umeme unapenda usiku, na pua ya mtu aliyelala hainusi.

Nyumba yote ina grili na geti la chuma. Tutatokaje?

Hili linanikera kuliko yote, maana tumejilinda na mwizi mpaka tumejifungia. Funguo za usiku zisiwe kwenye mkoba wa mama wala chini ya godoro la baba. Ziwe na msumari wake ndani karibu na mlango, mbali na dirisha ili mtu wa nje asizifikie, na kila mtu wa nyumbani pamoja na dada wa kazi na watoto wakubwa wajue. Kila chumba cha kulala muombe fundi welding afanye grili ya dirisha moja iwe ya kufunguka kwa ndani. Jaribuni usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa, muone kama mtoto wa darasa la tano anaweza kufungua lile kufuli. Wengi hawawezi.

Zimamoto napigaje, na si wanachelewa?

Tanzania ni 114, bure. Kenya 999 au 112. Piga mapema, watu wengi wanapiga baada ya kuhangaika na ndoo kwa nusu saa afu lawama zinaenda kwa gari. Taja mtaa, alama inayojulikana kama msikiti, shule au baa, sema ni moto wa umeme na kama kuna mtu ndani. Mtume mtu mmoja barabarani awapokee, na magari yaliyopaki uchochoroni yatolewe.

Mtu kanaswa na umeme, au kaungua?

Aliyenaswa usimshike, kata umeme kwanza. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu umsukume na mti mkavu. Kama hapumui anza kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu na kasi huku msaada unaitwa. Aliyeungua mwagie maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, vua pete na saa kabla hajavimba. Dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, vyote hapana. Aliyepigwa na umeme aende hospitali hata kama anasema yuko fiti, kwa sababu moyo unaweza kusumbua baadaye, na aliyevuta moshi mwingi vile vile.

Moto umezimwa, ulikuwa mdogo tu. Naweza kurudisha meni?

Usirudishe. Waya uliopata moto unaweza kuonekana mzima kwa nje wakati ganda lake ndani ya paipu limeyeyuka na kushikana. Zima breka ya laini ile, na fundi akija mwambie apige mega, ni kipimo cha ukinzani wa ganda la waya, kinapigwa kwa volti 500, na kila laini isome angalau megomu 1. Chini ya hapo waya unavutwa mpya, hamna cha kuongeza tepu. Zikishapita anarudisha breka moja moja huku anashika soketi kuona ipi inapata joto. Muombe aandike vipimo kwenye karatasi na asaini, mpangaji mpe mwenye nyumba nakala moja, nyingine ubaki nayo wewe.